Mzee Vitus Kalinga na Ile Namba Nane ya Igowole

Mzee Vitus Kalinga, Fundi Mkuu wa Masafa wa Mtandao wa Jamii Nyanda, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya kulitumikia shirika letu miaka thelathini na moja na miezi minne. Anastaafu kwa hiari, akiwa na miaka hamsini na saba. Angeweza kubaki nasi miaka mitatu zaidi, na humu ndani nitaeleza kwa nini habaki. Niliombwa niandike wasifu wa kuchangamsha sherehe. Mambo ya kuchangamsha yapo mengi, ila naomba radhi mapema kwamba hayatafika mwisho wa ukurasa.

Alizaliwa Kilolo, akasomea ufundi wa redio Iringa mjini, akaanza kazi kwetu mwezi Februari, enzi ambazo ofisi nzima ilikuwa chumba kimoja hapa Soweto, Mbeya. Siku hizo shirika lilihudumia redio za upepo, zile za kuitana, za zahanati za vijijini. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupandisha betri za gari milimani, begani. Anasimulia kwamba betri moja ilimwaga asidi ikamla suruali yote kwa nyuma, akalazimika kuondoka kijijini kinyumenyume huku akiwapungia watu mkono. Wazee wa kijiji walimsifu kwa adabu, kwamba hawajawahi kuona kijana anayewaaga watu kwa heshima kiasi kile.

Miaka kumi na moja iliyopita tulianza kupeleka intaneti kwenye shule na zahanati kwa kuazima nafasi zilizo tupu katikati ya chaneli za televisheni. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuhakikisha hatuwasumbui wenye chaneli zao. Kwa wageni wetu wasiojua, nafasi hizo si zetu peke yetu. Upande mmoja kuna televisheni za watu, upande mwingine kuna redio za watu, sisi tunapita katikati kwa ruhusa. Mtambo ukilazimishwa kusukuma kuliko uwezo wake, mawimbi hayabaki njiani. Yanamwagikia kwa jirani.

Mimi nimekulia Usangu kwenye familia ya wafugaji, kwa hiyo somo hili lilinikaa haraka. Ni sawa na kupitisha ng'ombe kwenye kijia kilicho katikati ya majaruba ya mpunga. Ukiwaswaga taratibu wanapita. Ukiwachapa wakimbie, wanatawanyika kwenye mpunga wa watu, na kesi inaanzia hapo. Mzee Kalinga, kwa kuwa ni mtu wa misituni, alipenda mfano wa njia ya moto, ule ukanda mtupu unaoachwa kati ya shamba moja la misindano na jingine. "Mbuke, usipande mti hadi mpakani," alikuwa akiniambia. Kila kituo alichofunga alikiachia ukingo mtupu pande zote mbili za njia yetu, akaweka kichujio kati ya mtambo na antena, kisha akashusha nguvu hadi pale ambapo, kwa maneno yake, mtambo unafanya kazi bila kutoka jasho. Tulianza na vituo vitatu. Leo vipo ishirini na saba.

Lakini kilichomtofautisha na mafundi wengine ni hodi. Mzee Kalinga hakukubali kituo kimekamilika kwa sababu tu mashine ya kupimia imesema hivyo. Alivaa shati safi, akachukua daftari la majirani, akaenda kupiga hodi kwenye nyumba yenye antena mbovu kuliko zote, akaomba kukaa. Alikaa taarifa ya habari nzima akitazama kama picha inakatika. Akimaliza, mwenye nyumba anatia sahihi. Mtu akimuuliza kwa nini asisubiri watu walalamike wenyewe, jibu lake lilikuwa moja: "Watu wetu hawalalamiki. Redio ikikoroma, mtu anasema redio yangu imezeeka. Anaipiga kofi, anavumilia. Usipomfuata wewe, hutajua kamwe."

Hapa hapa Soweto aliwahi kuingia nyumba moja na shati lake safi na daftari lake, akasema amekuja kuomba kukaa nao kidogo, kuna jambo. Mama mwenye nyumba akatoka upesi kwenda kumwita shemeji yake. Shemeji akaja, akakohoa, akasema, "Mzee, sisi binti tunaye mmoja tu, na bado anasoma." Mzee Kalinga akajibu bila kujua kinachoendelea, "Hata hamna shida, mimi nimekuja kwa ajili ya televisheni." Rabson, dereva wetu, ambaye alikuwa nje na gari, anasema ukimya uliofuata humo ndani ulisikika hadi barabarani. Sahihi ilipatikana. Na chakula alipewa.

Mimi nilifika miaka miwili na ushee iliyopita kama fundi mwanagenzi, nikiwa na miaka kumi na saba. Mimi si mwongeaji. Siku ya kwanza watu wote walinisalimia nikawa naitikia huku naangalia sakafu. Yeye alisimama mbele yangu akasema, "Mwangaluka, Mbuke." Salamu ya Kisukuma, ya nyumbani kwetu, kutoka kinywani mwa Mhehe, tena ilikuwa alasiri na hiyo ni salamu ya asubuhi. Nilicheka. Kuanzia hapo nikawa nafanya naye kazi. Vitabu vya mitambo vimeandikwa kwa Kiingereza, na mimi msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo nilimsomea, naye akatafuta neno ambalo fundi wa Kilolo au wa Igowole atalielewa. Hivyo ndivyo alivyoandika mafunzo yake, daftari nne kubwa, ili mwaka uliofuata awafundishe mafundi wa vituo vyote. Mafunzo hayo hayakufanyika. Sababu ni mimi.

Ilikuwa Oktoba, mwaka juzi. Jumanne tulifunga mtambo Igowole, wa kuhudumia shule iliyo bondeni. Ulikuwa mtambo wa zamani, una kitasa cha kuzungusha na namba ndogo zilizofifia, moja hadi tisa. Mzee Kalinga aliweka nguvu kwenye tatu, akaandika tatu kwenye fomu, akatia sahihi. Alikuwa na haraka kwa sababu alikuwa na miadi ya macho hospitali Iringa. Aliniachia kazi moja tu, nilale Igowole, na kesho yake nipige hodi kwa majirani. Jirani muhimu kuliko wote alikuwa kibanda cha walinzi wa moto kule kilimani, kwa sababu redio zao za upepo ziko kwenye masafa yanayopakana na njia yetu.

Jumatano asubuhi mwalimu wa shule alinikuta kwenye mtambo. Intaneti ilikuwa inafika kwa kusuasua. "Dada, ongeza kidogo tu," alisema. "Wanafunzi wote wamekaa wanasubiri." Nilizungusha hadi tano. Bado. Nikazungusha hadi nane, na bondeni watoto wakashangilia hadi nikawasikia. Kusema kweli nilijisikia mkubwa siku ile. Nilijua mtambo umeanza kutoka jasho. Nilijiambia, nikishapiga hodi kwa walinzi nitajua kama kuna tatizo, na kama lipo nitarudisha.

Nilipanda hadi kibandani. Mlango ulikuwa umerudishwa, ndani kulikuwa na wanaume wanaongea na kucheka, sijui wangapi. Nilisimama pale nje mkono ukiwa juu. Nilifikiria wote watakavyonyamaza na kunigeukia, na mimi nianze kujieleza. Nikashusha mkono nikaondoka. Mzee Kalinga alinipigia simu mchana kutoka Iringa.

"Umepiga hodi kote?"

"Kote, Mzee. Kwa walinzi tu ndiyo sikukuta mtu."

"Haya, mwanangu. Jumatatu nitakwenda mwenyewe."

Jumamosi upepo ulikuwa mkali, na mtu mmoja bondeni alichoma majani ya shamba, moto ukamshinda. Danieli, mlinzi wa zamu, aliuona moshi ukiwa bado mdogo. Akaita kwenye redio. Ilikuwa inakoroma tangu Jumatano, na wao walidhani betri imechoka. Wenzake kijijini walisikia mkoromo tu. Danieli alikimbia kwa miguu hadi kijijini, na watu walipofika na matawi ya kuzimia moto, shamba la misindano la mama Benedicta, ekari tatu, miti ya miaka tisa, lilikuwa limekwisha. Hakuna aliyeumia. Nimeliandika hilo kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu kwa muda mrefu ndiyo sentensi niliyojifichia.

Mtambo ulikutwa uko kwenye nane. Fomu ilisema tatu, sahihi ya Mzee Kalinga. Hakuna aliyeniuliza mimi wala yule mwalimu, kwa sababu sikutumwa kugusa mtambo. Kwenye kikao Mzee alisema maneno machache: "Niliandika tatu, mtambo umekutwa nane. Mkono ni wangu." Mjumbe mmoja akauliza, "Na macho, Mzee?" Akajibu, "Labda na macho." Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake. Alipewa barua ya onyo, na mafunzo yake yakafutwa, kwamba haifai aliyekosea ndiye afundishe.

Sasa nitasema jambo ambalo naona aibu nalo kuliko lile la kitasa. Nilidhani ananikingia. Niliamini kwamba anajua ni mimi, amenisamehe kimyakimya, na ameamua kuubeba mzigo kwa sababu mimi ni mtoto. Imani hiyo ilinifaa sana. Ilinifanya nikae kimya na bado nijione ninamheshimu.

Januari iliyofuata, mvua ziliposhika, Mzee Kalinga alikwenda Igowole kila Jumamosi kumsaidia mama Benedicta kupanda miche mipya. Nilikwenda naye. Nilishika miche, yeye alichimba. Jumamosi moja mama Benedicta alinyoosha mgongo akasema, "Mzee, wewe ulinikosea, lakini angalau umekuja." Yeye akasema, "Ahsante, mama." Mimi nikampa mche mwingine.

Ofisini mambo yaligeuka utani. Rabson alikuwa akipunguza mwendo penye kibao cha barabarani na kuuliza, "Mzee, hapo pameandikwa tatu au nane?" Mzee anajibu, "Soma mwenyewe, si wewe ndiye mwenye leseni?" Gari zima tunacheka. Nilicheka na mimi. Rabson, nakuomba usijisikie vibaya leo ukisoma hapa, wewe hukujua. Lakini wote tuliona alivyoanza kupima kila kitu mara tatu. Alikuwa akisoma namba, anaiandika kiganjani, anarudi kuisoma tena, kisha ananiita, "Mbuke, hebu nisomee." Fundi ambaye zamani alikuwa akisikia mtambo kwa sikio akajua umezidishwa! Tulisema ni uzee. Mwaka jana akajaza fomu za kustaafu mapema.

Wiki tatu zilizopita Bi. Eveline, meneja wetu, aliniambia mimi ndiye nitakayeandika wasifu huu kwa sababu ndiye niliyefanya naye kazi kwa karibu. Nikaenda karakana na daftari langu kumhoji. Swali la nne lilikuwa, kwa nini umeamua kustaafu mapema?

"Macho, mwanangu," alisema. "Daktari wa Iringa ananiambia yako sawa, miwani inatosha. Nimekwenda mara tatu, anasema hivyo hivyo. Simwamini. Mtu mzima nimesimama mbele ya mtambo, naona tatu, kumbe ni nane. Shamba la mama wa watu likaungua. Siku nyingine itakuwa zahanati. Bora niondoke kabla sijaua mtu."

Hakuwa anajua. Hakuwahi kujua. Miezi ishirini yote hakuwa ananikingia, alikuwa anajishuku.

Nilimwambia pale pale. Sikumbuki nilianzaje, nakumbuka nilisema, "Mzee, ni mimi niliyezungusha." Nikamwambia na habari ya kibanda, na mkono nilioushusha. Aliweka kikombe chake chini. Akavua miwani, akaitazama, akaivaa tena.

"Kumbe daktari alikuwa anasema kweli," alisema.

Nikaanza kuomba radhi. Akainua mkono. "Hapana, Mbuke. Toka kidogo. Niache nikae."

Nilikaa nje kwenye matofali karibu saa nzima. Alipotoka alinipita, hakunisalimia, na mimi sikuthubutu kumfuata. Kesho yake alikuja mezani kwangu akasema, "Hayo uliyoniambia, yaandike. Usinipambe. Yaandike hapo hapo watu wanaposoma sifa zangu." Nimefanya hivyo. Bi. Eveline nilimpelekea barua yangu siku ile ile, naye aliisoma akauliza swali moja, "Kwa nini leo?" Adhabu yangu bado inajadiliwa na nitaipokea. Barua ya onyo ya Mzee imefutwa, na iliyoifuta imewekwa kwenye jalada lake. Alipoulizwa kama angependa kuondoa ombi la kustaafu, alishukuru akasema hapana, Kilolo ameshalima, viazi viko ardhini, na mkewe ameshawaambia watu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Igowole peke yangu. Nilianza kwa Danieli. Alisikiliza hadi mwisho akasema, "Si ungeingia tu, binti. Tulikuwa tunakula mahindi." Kisha nikamweleza mama Benedicta. Akauliza, "Kumbe ni wewe uliyekuwa unanishikia miche?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mzee wa watu mimi nikamwambia amenikosea." Alifunga kanga yake vizuri, akaniambia niende, atamtafuta Mzee mwenyewe kwa simu.

Hasara nyingine haitengenezeki kwa barua. Mafundi wa vituo ishirini na saba walipaswa kufundishwa na mtu huyu, kwa Kiswahili kinachoeleweka, jinsi ya kuacha ukingo, kuweka kichujio, kushusha nguvu, na kukaa sebuleni kwa mtu hadi taarifa ya habari iishe. Daftari zake nne zipo kabatini karakana. Bi. Eveline ameagiza zichapwe, nami nimeomba niwe mchapaji. Lakini daftari haliwezi kumsikiliza mtu akieleza redio yake inavyokoroma, kisha likamwambia, "Hapana, redio yako ni nzima. Tatizo ni letu."

Siku aliporudisha funguo nilimuuliza kama amenisamehe. Alifikiri kweli, hakunijibu kwa adabu tu. "Sijui bado," alisema. "Nikijua nitakupigia simu."

Mzee Kalinga, kwa niaba ya mafundi, madereva, walimu na waganga wote unaowaunganisha hadi leo, tunakushukuru kwa miaka thelathini na moja. Ufike Kilolo salama, viazi vikubali, mama wa nyumbani na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Utakachokisoma huko, kisome mara moja tu uendelee na shughuli zako, maana macho yako hayakukosea. Nami namba yangu ya simu sitaibadilisha.

Mbuke Seni
Fundi Mwanagenzi, Soweto, Mbeya